Mtoto haoni giza likiingia

Swali: Docta, jambo. Mtoto wangu iko na miaka 3, muchana anaona muzuri kabisa, lakini mangaribi ikifika anajigonga ku kiti, anatafuta sahani na mikono, bashangazi bake banasema ni uchawi. Nifanye nini? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Mama, uchawi hapana. Hiyo inafanana sana na upungufu wa vitamini A, jicho linaihitaji ili lione kwenye mwanga mdogo. Muangalie kwenye weupe wa jicho, pembeni: kukiwa kidoa kama povu kavu ya sabuni, usingoje kesho, mupeleke kituo cha afya, maana kioo cha jicho kikikauka kinaweza kutoboka na hapo ni upofu, na akipata surua ndiyo mbaya zaidi. Kama ndiyo hiyo, watamupa dozi leo, kesho, na ingine kisha wiki 2. Usijinunulie, ikizidi inakuwa sumu.

Nyumbani, sombe na lengalenga tia mafuta ya mawese, lakini usiyachome mpaka yageuke meupe (najua wengi wetu tunapenda hivyo), ile rangi nyekundu ndiyo vitamini yenyewe unaunguza. Maini na mayai pia, ukipata.