Kwa nini tufe halirushwi kwa nyuzi 45

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini kitabu cha fizikia cha mdogo wako kinasema kwamba kitu kinachorushwa kwa pembe ya nyuzi 45 ndicho kinachofika mbali zaidi, ilhali warushaji tufe unaowaona kwenye runinga huliachia chini ya hapo. Nitakujibu kwa kosa nililolifanya mwenyewe, kwani nilifundisha somo hilo sekondari kwa miaka mingi na jioni nilikuwa nikiwasimamia wanariadha wa shule.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akifikisha tufe lake mita 12 na ushee. Mimi, kwa kukiamini kitabu kuliko macho yangu, nilifunga kamba kati ya nguzo mbili mbele ya duara, juu kiasi cha kumlazimisha alipitishe tufe kwa nyuzi 45 au karibu na hapo. Wiki nzima mashimo ya tufe kwenye mchanga yalirudi nyuma kwa zaidi ya nusu mita, naye kwa adabu yake hakusema neno.

Kitabu hakikukosea. Niliyeruka sharti lililoandikwa humo humo ni mimi: nyuzi 45 ni za kitu kinachoanzia na kutua kwenye usawa mmoja, pasipo ukinzani wa hewa. Tufe huachiwa kama mita 2 juu ya ardhi, na kimo hicho hulipa muda wa ziada hewani, hivyo inafaa zaidi kuongeza mwendo wa mlalo. Hata hivyo, ukichukua kasi ya mita 10 kwa sekunde, nyuzi 45 zinatoa mita 11.9, na pembe bora, ambayo ni kama nyuzi 40, inatoa mita 12.0. Sentimita kumi na ushee hazitoshi kueleza hasara niliyomtia kijana yule.

Sababu kubwa imo mwilini. Kadiri unavyolielekeza tufe juu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu zako inavyoishia katika kuubeba uzito wake, na isitoshe kifua na mkono wa binadamu husukuma mbele vizuri kuliko juu, kwa hiyo kasi ya kuachia hushuka. Kwa nyuzi 36, kasi ileile ya mita 10 kwa sekunde inatoa mita 11.9, sawasawa na nyuzi 45. Lakini mrushaji akipata mita 10.3 kwa sekunde kwa sababu pembe hiyo inamfaa, tufe linafika mita 12.5.

Baada ya kuifungua kamba nilimrekodi kwa simu kutoka ubavuni, nikapima picha moja baada ya nyingine kwa rula kwenye kioo cha kompyuta. Kila sehemu ya kumi ya sekunde tufe lilisogea mbele kwa sentimita 80 hivi, mwanzo hadi mwisho, maana hakuna kani ya mlalo inayolihusu isipokuwa ya hewa, ambayo kwa chuma kizito ni ndogo mno. Kwa wima mambo yalikuwa tofauti: kila hatua ya kupanda ilipungua kwa sentimita 10 hivi kuliko iliyotangulia, na baada ya kilele hatua za kushuka zikaongezeka kwa kiasi kilekile. Waliosema hapa kwamba kileleni mvutano wa dunia huwa sifuri wamechanganya kasi na mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi. Kilicho sifuri pale ni kasi ya wima tu, na mchapuko unabaki mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea chini.

Mdogo wako asizipeleke hesabu hizi kwenye mkuki, kwa kuwa mkuki hubebwa na hewa. Baada ya Uwe Hohn, mrushaji wa Ujerumani Mashariki, kuurusha mita 104.80 mwaka 1984, mkuki wa wanaume ulibadilishwa mwaka 1986 kwa kusogeza kitovu chake cha uzito sentimita 4 mbele, ili ncha iiname mapema.