Mbona pailoti alitubwaga hivyo Manda?

SWALI: Kaka, salamu. Juzi mvua ikipiga nilikuja na mamangu kutoka Nairobi, tulipofika Manda ndege ikatua puu! mpaka meno yakagongana, mama akapiga shahada, na kwenye boti ya kuvuka kuja Amu kazi yake ikawa kumsema pailoti eti huyo bado mwanafunzi. Kweli huyu anajua kazi?
Msomaji, Langoni

JIBU: Dada yangu, mwambie mama amsamehe. Mimi sikuwepo, lakini lami ikiwa na maji marubani hufundishwa kutua kwa kishindo kidogo, makusudi kabisa. Unazijua zile ngazi za gati zenye mwani maji yakipwa, ukikanyaga polepole ndara inateleza, ukikanyaga kwa nguvu inashika? Basi ni hivyo hivyo. Tairi likigusa pole linapanda juu ya maji, halizungukii lami, na breki za ndege zinataka gurudumu liwe linazunguka ndo zifanye kazi, sasa ndege inaenda tu kama ngalawa na ranwei inaisha. Kuna hesabu moja ya zamani, chukua presha ya tairi kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, unapata spidi ambayo tairi linaweza kuanza kuelea. Tairi la psi 100 ni noti 90, kama kilomita 167 kwa saa. Si spidi kubwa hiyo kwa ndege.

Na kutua kule laini mnakopigia makofi mara nyingi kunakula mita nyingi za lami hewani, kwenye ranwei fupi hizo mita unazitaka. Ya Malindi kwa mfano ni kama kilomita 1.4 tu.

Tairi peke yake halitoshi lakini, lami yenyewe lazima iwe na ukwaruzo na mwinamo wa kumwaga maji pembeni. Ile michirizi myeusi unayoiona ndege ikianza kugusa ni mpira, tairi linafika limesimama, ghafla linazungushwa, linaungua na kuacha utando unaoziba vitundu vya lami, kukinyesha hapo ndo pabaya. Viwanja vyenye ndege nyingi huutoa kwa maji ya presha kubwa sana. Na tangu Novemba 2021 kuna mfumo wa dunia nzima, pailoti anapewa namba kwa kila theluthi ya ranwei, 6 ni kavu, 5 imelowa kawaida, ikishuka hadi 0 hapo hapatuliki.

SWALI: Kuna siku nilimuona mtu anatembea kwenye ranwei ameinama kama aliyepoteza pete. Anatafuta nini?
Msomaji, Shela Malindi

JIBU: Vijiwe, misumari, vifuniko vya chupa, chochote. Tarehe 25 Julai 2000 kule Paris kipande cha chuma cha kama sentimita 43 kilidondoka kutoka ndege iliyotangulia, Concorde ikakikanyaga ikiwa inapaa, tairi likapasuka, kipande cha mpira kikapiga tangi la mafuta, moto ukawaka na ndege ikaangukia hoteli. Walikufa 109 ndani na 4 chini hotelini. Ndege iliyodondosha ilikuwa imepaa dakika kama 5 tu nyuma.