Jua la paneli linakopotelea: barua kwa mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu Haji,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako nimemsomea. Umesema mteja wako wa Paje amekuuliza kwa nini paneli inayopigwa na jua kutwa haitoi hata robo ya nguvu ya jua lile. Ukamjibu kuwa nyingi inageuka joto. Akakuuliza tena, nani aliyeiona ikigeuka? Hapo ndipo ulipokwama. Mteja huyo ana akili, usimchukie.

La kwanza ni jepesi. Ndani ya silikoni, mada inayotengenezewa paneli, elektroni, yaani chembe ya umeme, imeshikwa, na ili iachie na kutembea inahitaji nishati ya elektronivolti 1.1 hivi, kipimo cha nishati ya vitu vidogo mno. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, isiyofika hapo haina faida kwako. Fotoni ya buluu inakuja na kama 2.7, elektroni inazibeba zote, lakini ile 1.6 ya ziada haifiki kwenye waya. Inamwagikia atomi za silikoni, atomi zinatikisika, na huko kutikisika ndiko joto lenyewe. Mwaka 1961 wanafizikia William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu wakaonesha kwamba seli ya tabaka moja, hata ikitengenezwa kwa ustadi gani, haivuki theluthi moja hivi ya nguvu ya jua. Kwa hiyo hizo zako za asilimia 20 na kitu si mbovu.

Sasa nani kaona. Elektroni inaimwaga ile ziada ndani ya pikosekunde moja, au chini yake, na pikosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Vipimo vya umeme tulivyozoea haviwahi kabisa. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba waliolitatua jambo hili hawakuhangaika kutafuta saa yenye kasi zaidi. Walipima kwa umbali.

Wanachukua leza inayotoa mipigo mifupi mno ya mwanga, ya femtosekunde chache au makumi. Femtosekunde elfu moja ndiyo pikosekunde moja. Kila mpigo wanaugawa mara mbili. Ule wenye nguvu unaigonga silikoni na kuziamsha elektroni. Wa pili, dhaifu, unafuata nyuma na kupima silikoni inavyoakisi mwanga muda huo, kwani elektroni zilizoamshwa zinakubadilisha kuakisi huko. Fikiria boti mbili za kasi moja zimeng'oa nanga bandari ya Malindi, Unguja, pamoja, moja ikenda moja kwa moja, nyengine ikizunguka: ukijua maili alizozidisha yule wa kuzunguka, unajua atachelewa kiasi gani bila ya kutazama saa. Kwenye meza ya maabara mzunguko huo ni kioo kilichowekwa juu ya reli ndogo yenye mota. Ukikisogeza nyuma milimita 0.015, mwanga unakwenda na kurudi, njia inaongezeka milimita 0.03, na mpigo wa pili unachelewa femtosekunde 100. Milimita 0.03 ni nyembamba kuliko unywele wako, Haji. Unasogeza, unapima, unasogeza tena, mpaka unapata picha nzima ya elektroni inavyopoa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Badiliko wanalolitafuta mara nyingi ni sehemu moja tu kati ya elfu kumi ya mwanga unaorudi. Basi wanaweka kisahani chenye mapengo kinachozunguka mbele ya mpigo wa kwanza, kiuzuie na kiuachie kwa zamu, wanalinganisha silikoni iliyoamshwa na isiyoamshwa, tena na tena, maelfu ya mara, mpaka ukweli ujitenge na kelele.

Jina la Ahmed Zewail sikuacha kulitaja darasani. Ni Mmisri, mzaliwa wa Damanhur, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mipigo ya namna hii kutazama molekuli zinavyovunjika. Nilitaka wanafunzi wangu wa Pemba walijue jina hilo mapema. Kwenye vitu yabisi kama silikoni njia ni hiyohiyo, ingawa elektroni ni nyingi na zinagongana, kwa hiyo kuyasoma matokeo ni kazi ngumu zaidi.

Na silikoni yenyewe imeshapimwa, si dhana. Mwaka 2014 watafiti wa Berkeley, Marekani, waliona elektroni zake zikiruka kwa chini ya attosekunde 450, na attosekunde ni femtosekunde iliyogawanywa mara elfu. Atomi ziliitikia baadaye, baada ya femtosekunde 60 hivi. Mpangilio huo ndio jibu la mteja wako: elektroni kwanza, atomi baadaye, na ziada inakwisha kabla umeme haujakusanywa.

Siku hizi wanaipima kwa njia hii perovskaiti, mada nyengine ya kutengenezea seli za jua, ambayo chini ya mwanga mkali elektroni zake zinaweza kubaki na moto kwa makumi ya pikosekunde. Ikiwekwa juu ya silikoni, tabaka mbili pamoja zimeshavuka asilimia 33 maabara. Usimuahidi mtu, bado hazijazoea chumvi na jua la kwetu.

Kwa huyo wa Paje, mweleze hayo, kisha upande juu ya paa lake ukaangalie. Kama paneli zimelala juu ya bati, ziinue upepo upite chini yake. Kila digrii moja inayopanda juu ya 25 inapunguza asilimia 0.3 mpaka 0.4 ya nguvu, na hiyo unaweza kuiokoa kwa spana tu.

Mama yako