Barua kwa mwanangu: ninachotafuta ndani ya kompyuta mbovu

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Huku nyumbani hatujambo, ni baridi tu ndiyo imetushika. Ukiamka asubuhi unaona moshi ukitoka mdomoni mwako mwenyewe. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni, na mdogo wako naye akausikia. Alicheka mpaka maharage yakaungua. Uliniuliza hivi: "Mama, ndani ya hayo makompyuta mabovu unatafuta nini hasa? Umestaafu, pumzika. Nitakununulia laptopu mpya, hayo mengine wauzie watu wa chuma chakavu."

Nimeona nikuandikie. Ningekujibu kwa sauti ungesikiliza nusu, kisha ukanitumia kidole gumba.

La laptopu mpya tuliache kwanza. Nianze na la kutafuta.

Wewe umefungua macho ukazikuta kompyuta zipo. Mimi nilipotoka chuo cha uhazili Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilikuwa kitu cha kusimuliwa. Si kwamba nchi ilikuwa haijaziona, maana ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, pamoja na televisheni, na mlango ukaja kufunguka miaka ya 1990. Kwa hiyo sisi makatibu muhtasi wa wakati ule tulilelewa na taipureta. Na taipureta haina siri, mwanangu. Ukibonyeza herufi isipige, unainua kifuniko unaona mkono wake umekwama wapi. Utepe ukikauka unauona. Mimi nilikuwa nafungua na kufunga yangu mwenyewe, nasafisha herufi kwa spiriti na mswaki wa zamani, na wakuu wangu hawakuwahi kujua wala hawakuuliza. Wao walitaka barua itoke safi.

Zilipokuja kompyuta ofisini, ukaja na utaratibu mpya. Boksi limefungwa, na kijana wa kompyuta akishalileta mezani anakwambia, "Mama, wewe usiguse." Likigoma unamwita, anakuja na flashi yake, anabonyeza haraka haraka mgongo amekupa wewe, anaondoka. Ukimuuliza lilikuwa na nini, anasema, "Ilikuwa ni mambo ya kompyuta tu." Nilivumilia jibu hilo mpaka nastaafu. Siku nilipopewa kompyuta ya kwanza iliyokufa, bure, iwe yangu, kitu cha kwanza nilichotafuta ni bisibisi ya nyota.

Sasa nikupe mfano mmoja ili usidhani naota.

Yule dada mwenye steshenari pale njia panda ya kwenda Tukuyu unamkumbuka, alikuwa anakuchapia maombi ya kazi. Kompyuta yake ya mezani ilianza kumkatalia kurasa. Akitaka kufungua barua pepe, inagoma. Akitaka mfumo wa maombi ya chuo kwa ajili ya mteja, inagoma, inaandika kwamba muunganisho si salama. Yeye kusoma "si salama" akajua ni virusi. Fundi naye akakubali ni virusi, akampigia window upya, yaani akaufuta mfumo wa Windows unaoendesha kompyuta na kuuweka tena, kwa shilingi elfu ishirini. Ikafanya kazi mchana kutwa. Kesho yake asubuhi ikagoma tena. Akaja fundi wa pili, naye akapiga window, ikapona tena mpaka jioni.

Alinisimulia haya tukitoka kwenye kikoba, na mimi kilichonishika ni kimoja tu: kwa nini iugue asubuhi? Virusi vitajuaje kumekucha? Nikamuuliza, "Jioni unaizimaje?" Akasema anaizima vizuri, halafu anazima na swichi ya ukutani, maana anaogopa umeme ukirudi kwa kishindo usiku.

Nilipofika nikaangalia pembeni chini kwenye kioo, pale inapokaa saa. Ilikuwa inasema ni Januari 2012.

Hapo ilikuwa imekwisha, lakini ngoja nikueleze kwa nini, maana utamu wenyewe uko hapa. Kila ukurasa ulio salama unakuja na cheti chake, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inakipokea cheti na kukilinganisha na saa yake yenyewe. Kama saa inasema ni 2012, cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana hakijaanza hata kutumika, na kompyuta, kwa uaminifu wake wote, inakataa. Inafanya kazi yake sawasawa. Kilichoharibika ni kwamba inaishi mwaka mwingine.

Na saa yake inatunzwa na nini umeme ukizimwa ukutani? Na kibetri cha duara, kama sarafu, kimekaa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Kimeandikwa CR2032, na namba hizo si za mapambo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kikiwa kizima kinatoa volti 3. Umeme wa ukutani ukiwepo hakitumiki sana, hata kama umeizima kompyuta, kwa hiyo kinaweza kukaa miaka mingi. Lakini ukizima ukutani kila jioni, kibetri peke yake ndicho kinachoishikilia saa usiku kucha. Kile cha dada kilikuwa kimechoka, mita yangu ikasoma chini ya volti 2. Kila fundi alipopiga window aliiweka saa sawa, ikapona. Kila dada alipofunga duka, ikarudi 2012.

Nilichukua kipya kwa watu wa saa Mwanjelwa, bei yake haifiki kilo ya sukari. Unakisukuma kile kijino cha chuma pembeni kwa ncha ya bisibisi, kile cha zamani kinaruka chenyewe, unalaza kipya upande wa maandishi ukiangalia juu mpaka kilie "tik". Unaiweka saa sawa, basi. Dada wa watu alikiangalia kile kibetri mkononi mwake kwa muda, halafu akasema, "Kumbe kitu chenyewe ndiyo hiki?" kama mtu aliyepunjwa. Nadhani kwa hela alizotoa alitaka ugonjwa mkubwa zaidi.

Ndicho ninachokitafuta, mwanangu. Sababu. Kupona kunapatikana popote. Nenda Kabwe na kompyuta yoyote, watabadilisha hiki, wataongeza kile, watapiga window, itawaka. Ukiuliza iliponywa na nini hakuna anayejua, kwa sababu vimebadilishwa vitu vitano kwa mpigo. Mimi nabadilisha kimoja, nawasha, naangalia. Nakirudisha, nabadilisha kingine. Ni kazi ya polepole na ingekuwa biashara ningekufa njaa. Lakini mtu aliyechapa maneno ya watu wengine maisha yake yote ya kazi, hakuulizwa hata siku moja "wewe unaonaje", mpe nafasi ya kuuliza kitu swali na kujibiwa. Ile mashine haijali kama nina digrii. Nikiuliza vizuri inajibu, nikiuliza ovyo inanyamaza.

Umesema ni kupoteza muda. Hilo silibishi sana. Ila mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa kujifurahisha tu, hautakuwa kitu kikubwa. Leo hiyo simu ya Android uliyotumia kunisema inaendeshwa na Linux yake, na kompyuta kubwa 500 zinazoongoza duniani kwa kasi zote zinaendeshwa nayo. Sisemi na mimi nitaleta kitu kama hicho. Nasema tu mtu akijifurahisha msimwonee huruma.

Halafu hayo unayoyaita mabovu, mengi si mabovu. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, haipewi tena marekebisho ya usalama ya bure kama zamani, na Windows 11 haizitaki kompyuta nyingi za zamani: inadai kichipu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa (ubongo wa kompyuta) za karibuni. Kwa hiyo ofisi zinatoa nje mashine ambazo kibodi ni nzima, kioo ni kizima, kila kitu kizima, kosa lao ni umri. Mimi umri wangu unaujua, siwezi kufurahia utaratibu huo. Ninayo moja hapa mezani, laptopu iliyotoka ofisi fulani mjini. Ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha chai mpaka iwake. Nimeiwekea Linux Mint, toleo moja la hiyo Linux, ile yenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce. Faili lake linakaribia GB 3, nikalipakua kwa bando la usiku. Imechangamka, ila bado inajivuta, na sababu ninaijua: hadidiski yake, inayotunza mafaili, ni ile ya kuzunguka, sahani inazunguka na kichwa kinahangaika huku na huko kutafuta vipande vya faili. Nikiweka sikio naisikia ikihangaika.

Usiwe na wasiwasi na mikono yangu. Pawa saplai, kile kiboksi kinachoigawia kompyuta umeme, sifungui, maana ndani yake mna vitu vinavyotunza umeme hata ukichomoa waya. Betri ya laptopu iliyovimba siigusi kwa bisibisi, naitoa nje mbali na nyumba. Na wakati huu wa kiangazi, hewa ikikauka, sweta la sufu linatoa cheche ukilivua gizani; cheche hiyo kwako si kitu ila kijiti cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inaweza kukiua kabisa. Basi navua sweta kabla ya kufungua mashine, nashika kwanza chuma tupu cha boksi, nafanya kazi nikitetemeka. Mdogo wako anasema nikipata nimonia nisimlaumu.

Watu wanakuja, ndiyo. Sitozi. Wananiletea maparachichi, viazi, mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, na wengine wanapitiliza wananiletea pasi na jiko la umeme, wakidhani anayefungua kompyuta anafungua vyote. Pasi nimekataa. Mzee mmoja wa kanisani aliniletea redio na nikamrudishia, lakini hapo ninakiri niliichungulia kwanza.

Sasa la laptopu mpya. Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie, lakini usininunulie. Hizi mpya nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kabisa kwenye mazabodi, huongezi wala hubadilishi. Kikifa kimoja inakufa yote. Utakuwa umeniletea "mama, usiguse" nyingine. Hela hiyo lipia ada ya mjukuu wangu.

Kama moyo unakusukuma sana kutuma kitu, tuma vitu viwili. Cha kwanza ni SSD, yaani diski ya kutunzia mafaili, ya GB 240, ya SATA (aina ya kiunganishi chake), ile ya inchi 2.5, usikubali wakupe ile nyembamba kama ubao wa pipi, haitaingia kwenye hii. Hiyo haina kinachozunguka ndani, ndiyo itakayoondoa kule kujivuta. Cha pili ni kijiti kimoja cha RAM cha GB 4, aina ya DDR3L, cha laptopu na si cha kompyuta ya mezani, ambacho ni kirefu zaidi. Ile L muuzaji ataipuuza, wewe usiipuuze: ni ya volti 1.35, na mashine hii haitaki ya volti 1.5. Pale Kariakoo vya mtumba vipo, lakini mwambie akipachike akuwashie uone kimesomwa ndipo utoe hela.

Usikifunge kwenye mfuko wa nailoni. Kiache kwenye ule mfuko wake wa kijivu unaong'aa, halafu kizungushie nguo. Kipe basi la usiku, piga picha risiti na namba ya basi unitumie, na mwambie kondakta kishukie Uyole, kisipelekwe mpaka stendi kuu, maana mara ya mwisho mdogo wako alizunguka mji mzima akitafuta kiboksi kisichofika kiganja.

Na ile laptopu yako ya chuo, uliyosema imekufa, usimpe mtu. Ukija Krismasi ije nayo, na chaja yake.

Wasalimie mkeo na watoto.

Ni mimi mama yako