RAID si bekapu

SWALI: Nipo Shangani, Mtwara. Nimeweka seva ya familia kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba: mfumo wa Debian, Nextcloud ya kutunza picha na mafaili, Jellyfin ya kuangalia filamu, diski mbili za TB 2. Fundi aliziunganisha kwa RAID 1 akasema picha haziwezi kupotea tena, basi mke wangu na watoto wameanza kufuta za kwenye simu. Nimepata diski ya tatu. Niiongeze humo humo?

JIBU: Usiiongeze, kaka. Na nyumbani waache kufuta, leo hii.

Kauli ya fundi wako nimeisikia mpaka inanikera. RAID 1 ina kazi moja: kinachoandikwa diski hii kinaandikwa na ile papo hapo, ili moja ikifa seva isizimike. Sasa kufuta nako ni kuandika. Mtoto akifuta folda ya harusi ya shangazi yake, imefutika kwenye zote mbili. Pipa la taka la Nextcloud, kama hujagusa mipangilio, linatunza siku 30, baada ya hapo linafuta nafasi ikibana. Umeme ukirudi kwa kishindo, diski zote zinakula kwenye pawa saplai moja. Mwizi naye habebi nusu ya kompyuta.

Hiyo ya tatu ichomeke kwa nje, chukua nakala kwa Borg au restic, programu za bekapu, kisha iondoke nyumbani. Una ndugu Masasi? Mpelekee. Huna, hata kwa jirani mnayeaminiana. Programu zote mbili zinaweza kufunga nakala kwa nenosiri, na mara ya pili zinaongeza kilichobadilika tu. Nenosiri liandike kwenye karatasi, ukilipoteza hakuna wa kulifungua.

Usinakili folda ya picha peke yake. Kalenda, namba za watu, na nani kashirikishwa nini, vyote vimo kwenye hifadhidata. Iweke Nextcloud kwenye hali ya matengenezo, kisha toa nakala ya hifadhidata, folda ya config (mipangilio) na ya data kwa pamoja. Filamu za Jellyfin achana nazo, utazipata tena.

Siku hizi kila kona kuna anayeuza “seva kamili ya familia”. Kabla hujatoa hela muulize: mara ya mwisho umerudisha lini faili kutoka kwenye bekapu? Wengi wataanza kukusimulia ukubwa wa diski. Nami sijitoi. Miezi kadhaa skripti yangu ilikuwa ikinakili kila usiku bila kulalamika, kumbe diski ya nje haikuwa imepachikwa (mfumo haukuwa umeiunganisha), nakala zinajaa kwenye diski ile ile ya seva. Niligundua nilipotaka faili moja tu.

Kwa hiyo kabla diski haijapanda basi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, rudisha picha kumi za miaka tofauti, uzifungue moja moja. Zikifunguka zote, waruhusu wafute.