Kipimo cha baruti hakiazimwi

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Tampere, Ufini, nina miaka 24, na huu ni mwezi wa nane nalenga shabaha kwa bastola ya klabu, milimita 9. Mwenzangu uwanjani hujaza risasi mwenyewe, yaani hutia baruti kwenye maganda na kuyafunga kwa vichwa. Amenipa 100 nizihifadhi nyumbani mpaka nipate bastola yangu, na kipimo chake cha baruti nimekipiga picha. Nikianza kujaza zangu, naweza kukitumia? Na kibali nitakipata lini?

JIBU: Marahaba. La kibali ni fupi. Baada ya wanafunzi kuuawa shuleni Jokela mwaka 2007 na Kauhajoki mwaka 2008, kwa bastola zilizokuwa na vibali halali, Ufini ilikaza sheria mwaka 2011. Bastola ni kuanzia miaka 20, na uwe umeshiriki mchezo huu kwa dhati miaka miwili, ukiwa na cheti cha mkufunzi wa silaha, yule wanayemwita asekouluttaja. Kibali cha kwanza cha bastola huwa cha muda, usiozidi miaka 5. Miezi minane haijatosha, na njia ya uani haipo.

Hiyo picha ndiyo iliyonikosesha raha. Kila msimu mtu hunijia na kipimo alichopewa na rafiki au alichokiona kwenye video, akiamini baruti ni kama unga wa ugali: ukizidi kidogo, sima itakuwa ngumu tu. Sivyo hata kidogo! Kipimo ni cha baruti ya jina lile, kichwa cha risasi cha uzito na umbo lile, fataki ile inayoiwasha baruti, na urefu ule wa risasi nzima. Badilisha kimoja, umebadilisha vyote. Ganda la milimita 9 ni dogo mno. Ukikizamisha kichwa milimita moja zaidi, nafasi ya gesi hupungua na shinikizo hupanda ghafla, hata kama baruti hukuiongeza hata chembe. Mwenzako anaweza kuwa amepima sawasawa kwa bastola yake. Yako haimo katika hesabu hiyo.

Tena baadhi ya baruti za bastola huwaka haraka na hazifiki hata nusu ya ganda. Ukikatizwa na simu ukaijaza mara mbili, itaingia bila kumwagika, na kwa nje hutaona tofauti. Ukisahau kuijaza kabisa, fataki peke yake hukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikakwama. Unasikia mlio hafifu, unavuta kifyatulio tena, na kichwa cha pili hukigonga kile kilichokwama. Nimeletewa bastola ya namna hiyo, mtutu umevimba kama chatu aliyemeza mbuzi, na mwenyewe bado ananiambia kwamba video ile ilitazamwa na watu wengi. Kutazamwa si kupimwa! Waliopima ni watengenezaji wa baruti, kama Vihtavuori wa hapahapa Ufini, na majedwali yao hutolewa bure. Anza na kiwango cha chini cha jedwali, kisha mulika kila ganda kwa taa kabla ya kuweka kichwa.

Tarehe 13 Aprili 1976 kiwanda cha risasi cha Lapua, hapahapa Ufini, kililipuka, wakafa watu 40, wengi wao wanawake. Hao walikuwa wafanyakazi walioishika baruti kila siku ya kazi. Wewe una picha ya simu.

Sasa zile 100. Kujaza risasi za matumizi yako mwenyewe ukiwa na kibali cha silaha, Ufini inaruhusu. Kumpa asiye na kibali hairuhusu, na wewe kukaa nazo ni kosa tayari, hata kama hujafyatua hata moja. Usizitupe kwenye taka, usimrudishie kimyakimya kwenye maegesho ya uwanja, wala usizijaribu kwenye bastola ya klabu. Wapigie polisi leo, uwaeleze ulivyozipata, na uzipeleke kwa namna watakayokuelekeza. Ukijisalimisha nazo kabla hawajakufuata, sheria inakulinda.