Maswali na Majibu: Kutafuta na Kupima Taarifa Chuoni

Nafundisha mwaka wa tatu. Wanafunzi wangu wote walitembezwa maktabani wiki ya kwanza walipofika chuoni, lakini kazi zao zimejaa aya zilizonakiliwa mtandaoni. Tatizo liko wapi?

Ziara ya wiki ya kwanza humwonyesha mwanafunzi rafu zilipo na namna ya kuazima vitabu, wakati bado hana swali lolote linalomsumbua. Ujuzi wa utafiti hushika pale mtu anapouhitaji. Kwa hiyo mwalike mkutubi darasani wiki ileile unayotoa kazi, mwanafunzi akiwa na mada yake mkononi, na utenge alama kwa ajili ya safari yenyewe ya kutafuta: maneno aliyotumia, vyanzo alivyovikuta, na hasa vile alivyovikataa pamoja na sababu za kuvikataa. Mwanafunzi anayejua kwamba atapimwa kwa insha iliyokamilika tu ataitafuta insha iliyokamilika, popote ilipo. Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya unakili tunaoulalamikia huanzia hapo.

Mada yangu ni athari za mafuriko kwa wakulima wa mpunga Rufiji. Nikiiandika yote kwenye Google napata habari za magazeti tu. Nifanyeje?

Usiiandike yote. Ivunje katika dhana zake tatu, yaani mafuriko, mpunga na Rufiji, kisha chini ya kila dhana orodhesha maneno mengine ambayo mwandishi angeweza kuyatumia. Penye mpunga weka pia mchele na kilimo cha bondeni. Penye Rufiji weka bonde la Rufiji, Utete na Ikwiriri. Maneno ya kundi moja yaunganishe kwa OR (yaani “au”), makundi yaunganishe kwa AND (yaani “na”), na kila fungu la maneno yanayokwenda pamoja litie ndani ya alama za kunukuu. Rudia utafutaji huo kwa Kiingereza, kwa sababu makala nyingi za kitaalamu kuhusu bonde hilo zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Kisha hama mahali pa kutafutia. Nenda Google Scholar, inayotafuta maandiko ya kitaalamu, nenda African Journals Online, ambayo tangu 1998 imekuwa ikikusanya majarida ya Afrika, na umuulize mkutubi kama chuo chenu kimesajiliwa Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa ada ndogo. Ukipata makala moja nzuri, soma marejeleo yake ujue ilitegemea kazi zipi, halafu tazama ni akina nani wameinukuu baadaye. Makala moja iliyofuatiliwa hivyo, nyuma na mbele, mara nyingi huzaa kuliko saa nzima ya kubahatisha maneno.

Magazeti nayo usiyadharau: kwa mafuriko ya Aprili 2024 yatakupa tarehe na majina ya vijiji. Hayatoshi tu kuwa msingi wa hoja.

Programu ya akili unde imenipa marejeleo kumi, lakini mawili siyaoni popote. Niyaache yalivyo?

Yaondoe, kisha uyakague manane yaliyobaki. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, hivyo zinaweza kubuni kichwa cha makala, jarida na hata kurasa. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zisizokuwapo zilizotungwa na ChatGPT. Tafuta kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu, fungua juzuu la jarida la mwaka uliotajwa kwenye rejeleo, na uone kama kurasa hizo zina makala hiyo. Hata ikiwapo, isome kabla ya kuinukuu, maana makala ya kweli inaweza kubebeshwa dai isilolisema.

Jarida limeniandikia barua pepe likiahidi kuchapisha makala yangu ndani ya siku tano kwa malipo. Ni salama?

Malipo peke yake si kosa, kwa kuwa majarida mengi ya heshima yanayosomwa bure huwatoza waandishi. Siku tano ndizo zinazonitia shaka, kwani wataalamu wawili au watatu hawawezi kuhakiki makala kwa uzito katika muda huo. Litafute jarida hilo katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, waandikie wajumbe wawili wa bodi yake kupitia anwani za vyuo vyao uwaulize kama wanahusika kweli, na usitume fedha wala makala kabla hawajajibu.